Sala Niliyoomba kwa Kiarabu

Nyumbani walisema nitarudi kutoka Saudia bila neno moja la Kiarabu. Mimi, mwenye diploma ya umakanika! Miezi sita tu nikiwa dereva wa familia moja Al-Safa, Jeddah, nilikuwa tayari nasali kwa Kiarabu, peke yangu garini, imani na lugha vikikua pamoja.

Siku moja nikimsubiri madam, mwajiri wangu, nje ya duka, nilifumba macho nikaomba kwa sauti: “Bwana, mlainishe madam anipe likizo nikamwone mama, anaumwa. Na umpunguzie maneno, yamezidi.”

Kwa Kiswahili ningesalimika. Sikuhisi hata mlango ukifunguliwa; kutoka kiti cha nyuma nikasikia:

“Amin, Daudi. Halas? Au bado hujamaliza kunisemea kwa Mungu?”