Kinyongo cha Bibi Wande

Nilipokuwa mtoto, bibi yangu alinichapa zaidi kwa sababu ya uongo kuliko kosa lingine lolote. Ndiyo maana sijaisahau asubuhi aliyoudanganya ukoo mzima mbele yangu, tena kwa machozi.

Tuliishi kijiji kimoja upande wa Kharumwa, miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni. Baba alikuwa Rwamgasa akichimba dhahabu. Aliondoka mimba ya mama ikiwa changa. Bibi Wande, mama yake baba, ndiye aliyemhimiza aende, akamfungia michembe ya viazi vilivyokaushwa na karanga za safari. Bibi alikuwa mkunga. Nusu ya watoto niliocheza nao walipita mikononi mwake.

Uchungu ulimshika mama alfajiri. Siku ikaisha, usiku ukapita, mtoto hajatoka. Kulipokucha Bibi alimpapasa tumbo, akatoka nje kunawa mikono.

"Mtoto amekingama," alimwambia Baba Mdogo, mwenye mkokoteni. "Mimi hapa nimeshindwa. Funga ng'ombe, apelekwe hospitali."

Baba Mdogo hakuinuka. Alimtazama Shangazi, dada yake. Kwetu iliaminika kwamba uchungu ukizidi siku moja, kuna neno limefichwa: ama mwanamke ametoka nje ya ndoa, ama mtu wa nyumbani amemshikia kinyongo. Neno lisipotamkwa mtoto hatoki, na mwenye neno hasafirishwi, kwani atafia njiani. Mimi niliamini hivyo kabisa. Na kwa kuwa mume hayupo, nani angeanza kufikiria habari za kinyongo?

"Mtaje, Mama Kabula," Shangazi alisema, amepiga magoti kando ya kitanda. Kabula ndiye mimi. "Mtaje tu, hakuna atakayekugusa."

"Sina mtu wa kumtaja, wifi."

Aliulizwa hivyo mpaka jua likapanda. Shangazi hakuwa mkatili. Alikuwa analia, anamfuta jasho, kisha anauliza tena. Sauti ya mama ikazidi kufifia. Mimi nilikuwa nikileta maji, na kila nilipopita uani niliwaona ng'ombe wawili wa mkokoteni wamelala wanacheua, nira imeegemezwa ukutani. Nilimkasirikia mama kwa kutosema. Naliandika hili kwa aibu.

Bibi alikuwa ameketi jikoni. Ghafla akaniambia nimjazie kibuyu maji. Akaingia ndani, akapiga magoti mbele ya mkwewe, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Mwacheni," alisema. "Neno ni langu. Nimemshikia kinyongo tangu mwanangu aende kuchimba. Nimekuwa nikisema moyoni, mke huyu amenifukuzia mtoto. Leo namwachia."

Akaanza kulia. Akapiga funda la maji, akampulizia mama tumboni mara mbili. Kisha akasimama, machozi bado yanamtiririka, akaita kwa sauti ile ya ukunga wake: "Neno limetoka. Fungeni ng'ombe."

Baba Mdogo aliinuka, akafunga ng'ombe. Walimlaza mama mkokotenini juu ya nyasi na mkeka, wakaondoka. Bibi hawakumchukua. Mwenye kinyongo haandamani na mgonjwa.

Tukabaki wawili. "Bibi," nilisema, "si wewe uliyemwambia Baba aende?"

"Ukweli mama yako amekuwa nao tangu jana, ng'wanone, mwanangu," alinijibu, "na ng'ombe walikuwa bado wamelala."

Sikujua wakati ule alikuwa amejitia hatarini kiasi gani. Alikuwa mzee, mjane, na moshi wa jikoni ulikuwa umemfanya awe na macho mekundu. Miaka ile macho hayo peke yake yalitosha kumfanya kikongwe aitwe mchawi na kukatwa mapanga. Sasa yeye alikuwa amekiri kwa kinywa chake. Majirani waliacha kuja kuomba moto kwetu. Watoto wenzangu walikatazwa kula nyumbani kwetu. Nilikuwa naamka usiku kuhakikisha Bibi anapumua.

Mama alirudi baada ya wiki tatu, amefanyiwa upasuaji, mtoto wa kike akiwa mgongoni mwa Shangazi. Uani watu walijaa, wengine kumwona mtoto, wengine kumtazama Bibi. Shangazi akauliza mtoto apewe jina gani. Mama alimchukua, akapita polepole katikati ya watu, akamweka mapajani mwa Bibi.

"Anaitwa Wande," alisema, na aliyekuwa barabarani alisikia.

Nani ampe mwanawe jina la mchawi wake? Asubuhi iliyofuata Shangazi alikuwa wa kwanza kuja kuomba moto.

Baadaye wajawazito wakaanza kuja wenyewe, wapuliziwe mapema kabla kinyongo cha yeyote hakijawafunga. Bibi hakumkatalia mtu, ila alikuwa na sharti lake: "Maji yangu hayafanyi kazi mbali na hospitali. Siku zikikaribia, nenda ukakae huko." Nao walikwenda. Nawajua wengi waliokwenda na kurudi na watoto.

Nilipopata mimba yangu ya kwanza nilimtania, nikamwambia nami anipulizie. Hakucheka. Aliniambia kwamba kabla ya Shangazi alikuwa na binti mwingine, ambaye sikuwahi kumsikia akitajwa. Uchungu ulimzidia, na Bibi mwenyewe ndiye aliyemsihi ataje.

"Akataja," alisema. "Jina la mtu ambaye hakuwepo kijijini wala popote. Alitaka tu abebwe kupelekwa hospitali. Tulipomaliza kumtafuta mtu huyo, mwanangu alikuwa ameshakufa."

Nikaelewa kwamba machozi ya asubuhi ile hayakuwa ya uongo. Watu husema imani zile ziliwaua mama zetu, nami sibishi. Wengi walikufa huku sisi tukisubiri neno. Ila aliyekatisha kusubiri kule kwetu alikuwa mwanamke aliyeijua imani ile kuliko sisi sote, na ilikuwa imemla mwanawe.

Nilipiga magoti, akanipulizia. Yalikuwa maji ya kisima tu, ya baridi. Kesho yake nilikwenda kusubiri jirani na hospitali, na Wande mdogo ndiye aliyenibebea mzigo.