Barnaba aliyetafsiri yote

Tangu asubuhi nimeshika simu nikingoja mtu anipigie aniambie walikosea jina. Barnaba ameenda. Ruth, binti yake, ndiye aliniambia, na nilimfanya arudie kama vile ni network mbaya.

Wengi hapa mnanijua kwa sababu ya mbao. Barnaba mmemwona kwenye picha za yadi yangu Nakuru, yule mzee wa kofia kwenye kiti cha mlangoni. Mlifikiri ni karani wangu tu.

Mwisho mwisho wa miaka ya hamsini, kule Olenguruone, mimi nilikuwa nauza viazi na yeye alikuwa mkalimani wa baraza la mtaa wetu. Kijana wa suti moja ya kijivu, aliyoipiga pasi mpaka magoti yakang'aa.

Kila gunia lililoingia sokoni lililipiwa senti kumi za kujenga paa la soko. Nililipa misimu mitatu, na viazi vyangu vikaoza kwa mvua. Bei ya bati niliijua. Magunia niliyaona yakiingia. Hesabu yangu ya kichwani ilitoa mapaa mawili, na choo juu yake.

Kila mwaka siku ya kusoma makadirio, mwenyekiti wa baraza alisoma kwa Kiingereza, mbio mbio kama mtu anayefukuzwa. Akimaliza anamwashiria Barnaba. Na Barnaba, vile alivyoagizwa, anatuambia: "Pesa zimepangwa vizuri." Tunapiga makofi, tunaenda nyumbani.

Nilimwuliza siku moja, "Kiingereza chote kile ndio maneno matatu?"

"Kiingereza kina maneno mengi," akasema. Lakini hakuniangalia.

Kisha akaja mjumbe wa Legco, bunge la wakati wa ukoloni, kutoka Nairobi, Mzungu mrefu, kusikia baraza linatumiaje pesa zetu. Tulikutana uwanja wa ofisi, juu mlimani. Soko liko chini, huwezi kuliona kutoka pale. Mvua ilikuwa imetupiga njiani, wengine bado wamejifunika magunia.

Mjumbe akauliza paa la soko limefika wapi. Mwenyekiti akajibu kwa Kiingereza, anatabasamu. Akamwashiria Barnaba.

Barnaba akatugeukia. "Mwenyekiti anamwambia mgeni kwamba paa lilimalizika mwaka jana. Anasema wananchi wameshukuru sana."

Hapo mama mmoja akasema kutoka nyuma, "Muulize liko upande gani, tukajikinge." Barnaba akamtafsiria mgeni.

Mwenyekiti akainama, akamnong'oneza. Barnaba akanyoosha koti lake.

"Mwenyekiti anasema nisitafsiri maneno ya huyu mama."

Watu wakaanza kucheka. Mwenyekiti akanong'ona tena.

"Sasa anasema kesho sina kazi."

Na hayo yote akamwambia mgeni kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayesoma Biblia kanisani.

Mgeni akataka kuliona soko. Tukashuka sote. Nguzo nne, basi. Mvua ikarudi, na yule Mzungu akasimama katikati ya zile nguzo akamwita mwenyekiti aje wasimame pamoja, chini ya paa. Alimsimamisha hapo mpaka maji yakaingia viatuni. Mimi nilikuwa karibu. Nilisikia utamu ambao sijausikia tena.

Mwaka uliofuata makadirio yalisomwa kwa Kiswahili, yote, na yakabandikwa langoni. Paa likaja.

Lakini lile neno la kesho mwenyekiti alilitimiza. Asubuhi iliyofuata baraza hilo vitanda vya Barnaba vilikuwa barabarani, maana nyumba ilikuwa ya baraza, Ruth akiwa mchanga mgongoni mwa mama yake. Kila ofisi aliyoenda kuomba kazi ilikuwa imeshaambiwa isimpe. Waliishi kwenye stoo yangu ya viazi. Nilipohamia Nakuru kupasua mbao, tulienda pamoja.

Na mwenyekiti? Jina lake liko juu ya lango la lile soko mpaka leo, kwa rangi ya buluu. Wanasema ndiye alilijenga.

Barnaba alimsamehe. Mimi hapana, na alijua. Aliniambia, "Wewe unakausha kinyongo kama mbao."

Kimekauka, Barnaba. Hakina hata ufa.

Kwa sababu mwaka jana tulienda pamoja kusomewa bajeti ya kaunti. Aliyesoma ni Mheshimiwa wetu, mjukuu wa yule yule mwenyekiti. Kiingereza, mbio mbio. Barnaba akasimama na fimbo yake, akaanza kuuliza ile zahanati inayosemekana imekamilika iko wapi.

"Mzee, muda umeisha. Kaa chini."

Akakaa, ameshika meza kwa mikono miwili. Hiyo picha ninayo.

Leo Mheshimiwa ametuma ujumbe. Anaomba kuzungumza Jumamosi kwenye mazishi. Anasema babu yake ndiye aliyemlea marehemu kikazi.

Kamati ya mazishi ilitaka kumnyima. Mwenyekiti wa kamati ni mimi, na nimesema apewe nafasi, mara tu baada ya mchungaji. Maiki ni nzuri, nimeikodi mwenyewe. Wazee wa Olenguruone wanakuja, nimelipa mabasi mawili.

Mheshimiwa, najua unasoma hapa. Njoo na Kiingereza chako chote. Ukimaliza kumsifu babu yako, Ruth atakuuliza lile swali la zahanati, kwa sababu baba yake aliketishwa kabla hajalimaliza. Utajibu. Mkalimani ni mimi.

Na ukinisogelea sikioni kuninong'oneza kitu, boss, hicho pia nitakitafsiri.

Barnaba, ndugu yangu, Ruth ameipiga pasi suti ya kijivu, ile ya mwisho. Magoti hayajang'aa bado. Pumzika sasa, umesimama vya kutosha. Jumamosi zamu ni yangu.