Nilikataa kusema asante kwenye jumuiya, Zaburi ya 88 ikanirudisha kwa Mungu

Wakuu, salamu kwenu.

Hii siyo chai ya kutunga. Anayeona ni chai apite tu, leo sina nguvu ya kubishana.

Niko Misigiri huku Iramba, nalima alizeti. Mwaka jana mke wangu alifariki akijifungua. Mtoto naye hakukaa, tukawazika pamoja.

Wanaosali jumuiya za mtaani wanaujua utaratibu. Ibada inazunguka nyumba kwa nyumba, mwenye nyumba anatoa ushuhuda, na ushuhuda lazima ufungwe kwa shukrani. Hata kama nyumba imeungua, utamalizia na asante Yesu, ndipo chai inywewe.

Zamu yangu ikafika, kaburi halijaota hata nyasi.

Nikasimama, nikasema mke wangu amekufa, mwanangu amekufa. Nikakaa.

Mwalimu wa jumuiya akaona nimeacha pengo, akanimalizia yeye. Tumshukuru Mungu, kazi yake haina makosa. Wakaitikia amina, wakanywa chai yangu.

Wakuu, nilichukia. Siyo wao tu, hata Mungu nilimchukia. Nikaacha kusali kabisa.

Siku moja nikafungua app ya Biblia, ile yenye Kiebrania na maana chini ya kila neno. Sikutafuta faraja, nilitafuta ugomvi. Nikaangukia Zaburi ya 88.

Jamaa analalamika mwanzo mwisho. Anamwambia Mungu kuwa ndiye aliyemwondolea wapendwa wake. Na neno la mwisho kabisa, kwenye Kiebrania, ni giza.

Nikashuka chini nione shukrani iko wapi. Hakuna. Inaanza Zaburi nyingine.

Kesho yake tulikuwa uwanjani tunapiga alizeti kwa fimbo na mama mkwe, yeye kule mimi huku, kwa heshima ya ukwe. Huyu mama tangu msiba sikuwahi kumuona akilia. Watu wa jumuiya walimwambia akilia anamkosea Mungu.

Nikamsomea. Akauliza, "Halafu?"

"Imeishia hapo, mama."

Akashusha fimbo. "Na Mungu akaiacha hivyo hivyo?"

"Ameiacha."

Akakaa chini akalia. Na mimi nikalia. Sijui nielezeje, ila pale uwanjani nilijua kuna anayetusikiliza, na hana haraka ya chai.

Zamu ilipozunguka tena kwangu, nikasoma Zaburi hiyo yote, nikakaa. Mwalimu akakohoa, akaanza, kwa hiyo tumshukuru...

Mama mkwe akasema taratibu, "Mwalimu, imeisha."

Hakuna aliyeitikia kitu. Chai ilipoa siku ile.

Nilichojifunza ni kwamba mfiwa hummalizii sentensi yake. Mungu mwenyewe hakummalizia yule jamaa, sembuse mwalimu wa jumuiya.

Uchungu wangu haujaisha, msidanganyike. Ila sasa namwambia Mungu mwenyewe, usoni, kila siku.

Na wewe uliyewahi kulazimishwa kushukuru msibani, andika hapa chini. Ishia popote utakapoishia, mimi sitakujibu amina.