Nimewadanganya Walevi Wenzangu Walioacha

Bwana Mhariri, jina langu lifiche, maana mamangu hawezi kusoma lakini majirani wanaweza. Umri wangu miaka ishirini na miwili, kwetu ni Wingwi. Nimesoma hadi darasa la tano, na hilo la sita tulichokana wenyewe kwa wenyewe. Kwa kuchuma karafuu, sijamwona hapa Pemba wa kunifikia. Wengine wangali wanaupima mti kwa macho, mie nishashusha pakacha la pili. Msinune, ndiyo kweli.

Ila nilikuwa mlevi. Nimeanza kunywa tembo la mnazi nina miaka kumi na sita, na msimu uliopita nikapanda mkarafuu nimelewa, nikashuka na tawi zima mkononi. Mwenye shamba aliliangalia tawi lake, mie hakuniuliza hata kama nimevunjika. Akasema nisikanyage tena. Kijiji kizima kikacheka, na waliocheka zaidi ni wale niliokuwa nikinywa nao, watu ambao hata kilemba hawajui kukifunga wakiwa wazima.

Mama akaniambia, "Nenda kwa Mzee Faki, akakusukishe dema."

Mzee Faki ni mlevi wa zamani aliyeacha. Kila siku baada ya alasiri, saa ile mgema anapopanda minazi yake mara ya pili na koo za walevi zinapoanza kuwasha, yeye hukaa uwanjani kwake na walioacha wenziwe, wanasuka madema ya kuvulia samaki. Nilikwenda kuwacheka. Nikamkuta yeye na Kombo, wazee wawili wenye meno saba kwa jumla. Siku hizi za vyama, kila mmoja na chake, hawaendi duka moja, wala maji hawateki kisima kimoja, lakini dema moja wanalisuka! Nikawauliza, "Nyie mna chama gani hapa?"

Kombo akanijibu, "Chama cha waliotapika mbele ya wakwe zao. Kaa, kadi unayo."

Nikapewa fito za mianzi. Mikono ikanitetemeka hata nikashindwa kupitisha ufito mmoja.

"Mikono yako inacheza ngoma ya msewe," akasema Mzee Faki. "Iache icheze, itachoka."

Sharti lao ni dogo. Ukifika unataja siku zako bila tembo, kisha unasuka. Ukinywa, unarudi kwenye moja, na hakuna wa kukutukana. Hawaapizani kwa msahafu. Mzee Faki anasema mlevi akivunja kiapo huona haya, na akiona haya haji tena. Na aliyefika siku sitini hupewa kuusuka mdomo wa dema, pale samaki anapoingia asiweze kutoka. Kabla ya hapo hugusi.

Nikahesabu. Siku yangu ya ishirini na saba akaja Seif, mtoto wa watu wenye mashamba, mtu mzima wa miaka thelathini na mitano, kanzu nyeupe, macho mekundu. Mie nishamchumia karafuu baba yake. Sasa kaketi jamvi moja nami, anatetemeka kunishinda, ananiuliza kwa adabu, "Weye ya ngapi leo?" Wallahi nilivimba kichwa! Nikamfundisha kushika ufito kama nafundisha mtoto wa chuoni alifu.

Siku ya thelathini na tano nikaalikwa harusi Makangale. Wenzangu wa zamani wakanizunguka: "Huyu kawa shehe! Shehe, tusomee dua!" Nami, mjinga kuliko wote, nikawaonyesha kuwa mie si shehe. Nilinywa mpaka nikalala kwenye majani ya mgomba.

Kesho yake nikenda kusuka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme "moja". Seif akanitangulia, "Mie leo ya kumi. Jana nilishafika chini ya mnazi wa mgema, kopo mkononi. Nikajiambia, kama yule mropokaji anayenifundisha kusuka anaweza, nitashindwaje mie? Nikarudi nyumbani." Halafu akanigeukia, "Na weye, mwalimu?"

Nikasema, "Thelathini na sita."

Kombo akasema alhamdulillahi. Mzee Faki hakuinua kichwa.

Tangu siku ile sijaonja tena, na sasa ni siku ya kumi na tano ya kweli. Wao nawaambia hamsini. Seif ana ishirini na nne. Mwaona kichekesho? Maamuma kamtangulia imamu, na imamu bado yuko mbele anajifanya anasalisha. Mie niliyekuwa nawadharau wazee wa meno saba, leo kila mmoja wao ni mkweli kuliko mie.

Baada ya siku kumi nitapewa kuusuka mdomo. Mzee Faki keshaniambia, na Seif kasema siku hiyo ataleta halua yeye mwenyewe. Nikiupokea, nimewaibia. Nikisema kweli, namwogopea Seif, maana kila siku akifika hutazama uso wangu kwanza, kisha ndiyo hutaja siku zake. Akirudi kwa mgema kwa ajili yangu, sitaweza kumtazama mkewe, aliyempelekea mama kibaba cha mchele akisema, "Mwambie mwanao asiache kwenda."

Basi nyie mnaosoma gazeti barazani, vikombe vya kahawa mkononi, msinikunjie pua, wengine wenu nawajua mnatoka wapi magharibi. Nipeni shauri la maana: nimwambie Seif peke yake, niwaambie wote, au ninyamaze mpaka apate nguvu? Jibuni upesi. Jana aliniuliza, "Mwalimu, mbona siku hizi ukitaja siku zako hunitazami?" Nikamwambia moshi umeniingia machoni, na pale uwanjani moto haukuwapo.