Mayai ya Mama Mkwe

Katika ukoo wa wakwe zangu, wavuvi wa huku ziwani tangu zamani, mwanamke mwenye mimba hali yai. Akila, atazaa bubu. Mama mkwe wangu hakuwa akilisema hilo kwa ubishi. Alilisema tu, namna unavyomwambia mtoto kwamba moto unaunguza. Mimi nimekulia mjini, binti wa mfanyakazi wa reli, nikawa ninamcheka moyoni.

Mimba yangu ilipofika miezi mitano tulikwenda mimi na mama mkwe kliniki kupima. Muuguzi alinivuta kope la chini, akaguna.

"Mama, hauna damu. Unakulaka nini?"

Mama mkwe akanijibia: bugali, sombe la majani ya muhogo, ndakala wadogo wa ziwani. Muuguzi akasema ni vizuri, lakini niongeze maharagwe, mboga ya lengalenga, maini yakipatikana, na yai kila siku, liive kabisa. Akanipa vidonge vya damu. Kisha akanitazama usoni.

"Na pemba, unakulaka?"

Pemba ni ule udongo mweupe uliokaushwa, unauzwa sokoni vipande vipande, na wanawake wengi wenye mimba wanautafuna. "Kama unakula, acha," akasema. "Inazuia vidonge tumboni, vinapita bure."

"Hapana, sikuli," nikasema. Kipande kilikuwa ndani ya fundo la kitenge changu, pale pale kiunoni, na asubuhi ile nilikuwa nimekwisha kula viwili. Niliona haya. Mimi niliyesoma, mimi niliyecheka mambo ya mayai!

Njiani mama mkwe alinitangulia, akitembea kwa haraka. Nikajisemea, leo tutagombana. Kumbe kesho yake asubuhi aliingia jikoni na yai la kuchemsha, analimenya.

"Kula mbele yangu," akasema. "Mutoto akikosa sauti, Mungu aniulize mimi. Lakini wewe usinifie."

Jamani! Nikalila lote. Miezi minne alifanya vile kila asubuhi, na kila asubuhi alipiga ishara ya msalaba kabla ya kunipa. Akitoka tu, mimi huyo, nafungua fundo.

Sisemi sikujaribu kuacha. Nilikaa siku mbili. Siku ya tatu mvua ikanyesha, harufu ya udongo ikaingia dirishani, mate yakanijaa mdomoni, basi, nikaenda sokoni tena. Nilijichukia, na nilitafuna huku ninajichukia.

Mtoto alizaliwa mdogo sana, na kimya. Walimsugua mgongo, wakamgeuza, wakamsugua tena. Alikuja kulia baadaye, kwa sauti nyembamba. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni, mikono kichwani, anasema peke yake kwamba ndiye aliyenipa: "Mimi njo nilimupa. Mimi njo nilimupa."

Sasa binti yangu ana miaka mitatu. Anacheka, anakimbiza kuku, akitaka kitu ananivuta kitenge. Neno hakuna, hata moja. Daktari anasema tungoje. Mimi sijui kama ni pemba iliyofanya hivyo, wala hakuna aliyeniambia. Ila najua nani anabeba lawama. Shangazi za mume wangu wakija kutusalimia hawamwangalii mama mkwe machoni. Nyumbani kwetu mayai hayapikwi tena.

Jumapili iliyopita tulikuwa uani, tunachambua ndakala, mtoto ameketi katikati yetu. Mama mkwe akanishika mkono, mkono wake umejaa magamba.

"Mwana wangu, unisamehe. Nilikuwa najua, na nilikupa."

"Si mayai, Mama."

Akainua uso haraka. Miaka mitatu sijamwona na uso ule, uso wa mtu aliyesikia mlango unafunguliwa.

"Sasa njo nini?"

Mtoto alikuwa anatutazama midomo, mmoja baada ya mwingine. Nikainama juu ya ungo, nikashika samaki mwingine, nikamng'oa kichwa.

"Sijui, Mama," nikasema.