Siku Tulikataa Kuhesabiwa Wote

Hii habari inanionyesha mujinga. Nasema mbele, ili musichoke kungojea fasi ujinga itatokea. Batu ba huku Nakivale, kambi ya bakimbizi, bananijua kwa mudomo. Kwa harusi bananiita nichekeshe, kwa mustari ya maji bananiita nichekeshe, hata kwa kilio, kisha kuzika, wazee banasema, "Ule kijana iko wapi, atutoe machozi kidogo." Nimeisha kuwaambia mambo mingi. Hii hapana.

Sisi tulitoka Kivu ya Kusini, batu ba ng'ombe na ba kanisa. Kwetu ng'ombe haihesabiwake. Muchungaji anaangalia zizi, anajua kama moja haiko, juu anazijua kwa rangi na kwa pembe. Lakini hawezi kunyoosha kidole aseme moja, mbili, tatu, mpaka mwisho. Ukimubana sana, anabakisha moja. Na batoto ni vile vile. Uliza mama wa kwetu ana batoto bangapi, atakuambia Mungu njo anajua, ao atakutajia pungufu. Hesabu yenye imetimia, kifo inaisikia.

Tulipofika kambini, batu ba mugao bakatupanga mustari na bakatuhesabu kwa kidole. Baba, mama, yaya, mimi, na dada yangu mudogo mwenye alikuwa mugongoni. Yaya ni kaka yangu mukubwa. Hakuna mwenye alibakia inje. Mwaka haukuisha, baba akaanza kukohoa damu. Kliniki ya kambi ikamuandikia kupelekwa lopitali ya muji wa Mbarara, tukaanza kungojea gari. Kila asubuhi baba alikuwa anavaa viatu, juu balisema labda ni leo. Alikufa amevaa viatu.

Kwa ile kifo moja, mama na mimi tulipata masomo mbili. Mama alisema, tulihesabiwa wote. Mimi nilisema, tulingoja gari.

Shule yangu iliishia darasa ya sita. Nikapata sahani moja ya jua, nikaiweka juu ya mabati ya kibanda kule Rwekubo, fasi ya soko ya kambi, nikawa nachaji simu za batu. Ni kazi ya kuongea: simu inakula moto polepole, mwenye simu hana fasi ya kwenda, basi anakaa na anasikiliza. Njo kule nilianza kusikia habari ya bima. Unalipa ukiwa muzima, ukigonjwa lopitali inakupokea. Dada yangu alikuwa na kifua kibaya, usiku anavuta pumzi kama mulango wa kutu. Kila nikimusikia, naona viatu vya baba. Nikasema, hii bima nitaitafuta.

Nilianza kwa ofisi moja ya Mbarara, ya mulango wa kioo. Nilikunywa maji yao ya baridi, nikarudilia. Kijana wa tai akaniuliza:

"Mushahara yako inapitia banki gani?"

"Inapitia mufukoni, ssebo. Na haikawiake mule."

Akacheka. Nikaona tumekuwa ndugu, nikamuuliza, "Na nikilipa mwaka muzima, nisigonjwe, munanirudishia?"

"Hapana."

"Hata nusu? Basi nitatafuta hata kaugonjwa kadogo, nisipate hasara."

Akacheka tena, kisha akanionyesha bei ya mutu moja. Mimi njo niliacha kucheka.

Nikarudi Rwekubo. Pale kulikuwa mwanamuke wa duka ya dawa, mwenye alikuwa anaandikisha batu, unalipa kila mwezi, ukigonjwa anakupatia vidonge. Nikamuuliza, "Na kama ugonjwa ni ya kupasua?"

"Hiyo tunaombaka Mungu isifike."

Nikaona hiyo ni kanisa, na kanisa tayari niko nayo.

Ya tatu njo ilinifaa. Banyankole ba vijiji vya kando ya kambi biko na vikundi vya kubeba bagonjwa. Kitanda ni ya miti na kamba, wanaume bane banaiweka mabegani, wengine banafuata kwa kupokezana, mpaka barabarani. Banaiita engozi. Kikundi cha pale karibu kilikuwa kimepatana na lopitali moja ya Mbarara, upande wa Nyamitanga. Kila nyumba ya kikundi inatoa kidogo kwa mwaka, na lopitali inabapokea, hata kwa kupasua. Mukimbizi anaweza kuingia, mradi akubali na yeye kubeba. Nikabeba. Nilibeba bibi moja munene mpaka nikamuomba ashuke atembee tupumuzike, akanichapa kofi akiwa kitandani, batu bakasema huyu bibi amepona. Bakanikubali.

Kanuni ilikuwa moja, na mwanamuke wa ile lopitali, mwenye kazi ya kuandikisha batu, aliisema mara nyingi kwa mukutano: wote wenye banakula sufuria moja baandikwe, kila mutu na picha yake. Mwenye hakuandikwa, lopitali haimujue, na hawezi kuongezwa mpaka mwaka mungine. Nilisikia muzuri. Masikio yangu hayakuwa na kosa.

Nyumbani mama alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Wote?"

"Wote, mama."

"Nani tunabakisha?"

"Mama, hii si ng'ombe."

"Baba yako alikuwa ng'ombe?"

Yaya alikuwa kwa mulango, anaosha mitungi ya maziwa. Alikuwa anachunga ng'ombe ya tajiri moja wa Ngarama, anatembea kule na kurudi, mugongo wake kama mulango. Hakuwahi kulala mugonjwa. Malaria yenyewe tulikuwa tunasema inamuona inapita kwa jirani.

Tukaanza kuchagua, kama vile unachagua mbuzi ya kuuza. Dada haiwezekane, kifua. Mama akasema, "Mubakishe mimi," sisi wote tukakataa kwa sauti moja. Mimi mwenyewe malaria ilikuwa inanijua kwa jina. Tukaangalia kwa mulango.

Yaya hakugeuka hata. Akasema, "Kwa ng'ombe tunabakishaka dume."

Na mimi, mwenye mudomo, mwenye nilizunguka Mbarara kutafuta bima juu sikutaka mutu wa nyumba yetu angojee tena gari, mimi njo nilimaliza maneno. Nilisema, "Kweli. Mutu kubwa vile, ugonjwa itamuanzia wapi?"

Tulicheka sisi wote. Mama pia. Ilikuwa siku mingi hatujaona meno ya mama.

Siku ya kuandikisha, yule mwanamuke akakuja mpaka kwetu. Akakaa kwa kiti ya plastiki, akaweka kitabu magotini.

"Nyinyi iko bangapi kwa hii nyumba?"

Mama akaangalia juu ya mabati. Nikajibu, "Andika tu majina, nyabo, hesabu itakuja yenyewe." Nikataja mama, dada, na mimi.

Yaya alikuwa ameketi pale pale, sahani ya ugali mukononi. Mwanamuke akamuonyesha na kalamu. "Na hii mukubwa?"

"Ule? Ule ni jirani. Ugali yetu njo inamuitaka."

"Jirani anakula hivi?"

"Nyabo, na leo anaona haya."

Akacheka mpaka kalamu ikaanguka. Yaya akasimama, akamusalimia kwa heshima, "Mimi jirani, mama," akatoka na sahani yake. Mwanamuke akaangalia uso wake, akaangalia uso wangu. Pua yetu ni moja. Nafikiri alijua. Lakini nilikuwa nimeisha kumuchekesha, na mutu mwenye anacheka haulizake mara ya pili.

Kutoka ile siku tukawa majirani. Asubuhi yaya anagonga ukuta, "Jirani, uko na chumvi?" Mimi najibu, "Jirani, rudisha kwanza ile ya jana." Dada anakufa na kicheko mpaka anakohoa. Kifua kilipomubana kweli, tulimupeleka na kadi yake ya bima, juu kila mwenye aliandikwa alipata kadi yake ya picha, bakamupokea vizuri, akarudi na dawa ya kuvuta. Mama akaiweka ile kadi ndani ya Biblia. Nilitembea Rwekubo yote kama mutu mwenye amejenga lopitali.

Kisha ikaja kiangazi. Maji ikawa mubaya, batu mingi kambini bakawa na homa ya tumbo. Yaya akaanza kuacha chakula. Nilimuuliza, akasema ni joto. Kumbe alikuwa anaumwa siku mingi na anajificha, juu tulikuwa tumemupatia kazi ya kutogonjwa, na yaya hakuwahi kukataa kazi. Anaamka, anaenda Ngarama, anarudi. Siku moja bakamurudisha na pikipiki, amefungwa kwa dereva na kitenge asianguke. Tumbo lake lilikuwa ngumu kama ngoma. Kliniki ya kambi ikasema hii ni ya Mbarara, mungojee gari.

Sikungoja. Nilikimbia kwa mwenyekiti wa engozi. Nilijua yaya hayuko kwa kitabu chao, na nilimuambia vile. Mwenyekiti akavaa gambuti zake, akaniambia, "Kitanda haisomake kitabu." Bakamubeba mpaka barabarani. Nilikuwa kwa mukono wa mbele, bega la kuume. Yaya alikuwa muzito. Akasema polepole karibu na sikio yangu, "Jirani, usinimwange."

Barabarani tukapata gari ya kupita, na kwa lopitali ya Nyamitanga nesi akaomba kadi. Hapa njo ujinga ya mwisho. Nilimupatia kadi yangu, na kidole changu juu ya picha yangu.

"Ni huyu."

Akaangalia picha, akaangalia kitanda. Mimi niko kama fimbo ya kuchungia, yaya alikuwa kama zizi.

"Huyu?"

"Amevimba, musawo. Ugonjwa imemuvimbisha."

Kila fasi ya dunia hii, ile neno ingechekesha mutu. Nesi hakucheka. Alinirudishia kadi na mikono yote mbili, sawa unarudishia mutu mutoto wake, akasema, "Kijana, huyu wa picha ni wewe."

Hawakutufukuza, nisiwasemee vibaya. Daktari akakuja, akamugusa tumbo, akamuwekea maji ya mushipa, akasema matumbo imetoboka, apasuliwe leo. Kwa mwenye kadi, bangemuingiza pale pale. Kwa mwenye hana, ni kulipa mbele, na ile pesa hata tungeuza kibanda na sahani ya jua haingefika. Bakatupatia gari yabo itupeleke kwa lopitali ya serikali, hapo hapo Mbarara, fasi hakuna kulipa. Lakini kule meza ya kupasulia ni ya wote, na ile siku kulikuwa na ajali ya basi. Tuliwekwa kwa mustari. Nikasimama kwa mustari nikaona iko sawa na ile gari ya baba, imebadilisha sura tu.

Mama alifika na kadi ya bima ya dada mukononi. Aliitoa ndani ya Biblia, akakuja nayo, kama labda kuko mutu mwenye atairuhusu. Akakaa chini, akashika miguu ya yaya.

Yaya aliniita. Nikainama. Nilifikiri atasema neno kubwa, juu kila mutu anafikiriaka mugonjwa ana neno kubwa. Aliniuliza nani atakamua ile ng'ombe nyeupe ya pembe moja, juu hakubalie mukono wa mutu mungine. Nikasema nitakamua mimi. Akasema, "Wewe? Atakupiga teke." Akajaribu kucheka, tumbo likamukatalia. Meza ilipopatikana kesho yake, saa sita ya muchana, bakakuja na kitanda cha magurudumu, bakamuangalia, bakarudi nacho.

Engozi njo balimurudisha. Bakachimba shimo pamoja na batu ba kanisa yetu. Kisha kuzika, muzee moja akaniita niseme kitu, niwatoe machozi. Nilisimama. Nilifungua mudomo. Nikakaa.

Ng'ombe nyeupe alinipiga teke.

Mama hakunilaumu, na sikumulaumu. Alikuwa tu akipika anaosha sahani ya yaya, anaigeuza juu ya zingine, inakauka, kesho anaiosha tena. Dada alijaribu siku moja kugonga ukuta aombe chumvi, akaacha katikati.

Mwaka ulizunguka. Yule mwanamuke wa kuandikisha akarudi, na kiti ya plastiki ikatolewa tena. Alikuwa amesikia. Hakuangalia kwa mulango. Alifungua kitabu polepole, akauliza kwa sauti ya chini, si mimi, mama, "Nyinyi iko bangapi sasa?"

Sikuwa na neno la kuchekesha. Nilijua nataka kusema nini: mama, dada, mimi, wote, bila kuficha. Lakini niliogopa. Niliona kama nikisema, mama atasimama aingie nyumbani, ao atasema tena, nani tunabakisha, na mara hii sikuwa na mutu wa kuangalia kwa mulango. Nikageuka nimuulize na macho.

Alikuwa ananiangalia tayari. Alikuwa na ile sahani mukononi na kitambaa.

"Mutoto yangu," akaniambia, "tutaje wote. Ule tulibakisha anatosha."