Mpishi wa bweni anayewatafuta walaji wake kwa video

Wasomaji watukufu, kwa heshima kubwa, na kwa niaba ya kila mtu aliyewahi kula maharagwe kandokando ya Ziwa Kivu, gazeti hili linatangaza kwamba jiji la Goma limempata mwanablogu wa video ambaye ulimwengu mzima ulikuwa ukimsubiri. Ana uzoefu wa miezi minne. Ana wafuatiliaji mia tatu na kidogo. Ana mtindo ambao hakuna chuo kilichomfundisha.

Kwa sasa anatafuta mahali pa kubonyeza.

"Hapa, shangazi," anasema Aziza, binti wa kaka yake. "Hiyo alama nyekundu."

"Naiona. Naogopa kuigusa, itapiga simu."

"Haipigi simu."

"Juzi ilipiga. Nikaongea na mutu wa Kisangani nusu saa nzima. Mutu mwema, lakini hanijui."

Ni Jumamosi asubuhi, katika ua wa nyumba ya mbao huko Mabanga. Mama Alima Mahamudi, mwenye miaka hamsini na sita, amevaa kitenge cha sikukuu na kilemba cha kitambaa hichohicho. Sufuria imeshatokota juu ya jiko la makaa. Simu imesimikwa katika kopo la maziwa ya unga lililojazwa mchanga mweusi, kwa sababu ule mguu wa kushikia simu unauzwa sokoni Birere kwa bei ya kuku wawili, na Mama Alima anasema kuku angalau huliwa.

Anakohoa kidogo. Kisha anaibishia hodi simu. Wasomaji wasidhani ni utani wa mwandishi. Anaibishia hodi kila mara.

"Hodi humo ndani! Mko salama? Ni mimi, Mama Alima wa jikoni."

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Alima alikuwa mpishi wa shule ya bweni ya wavulana, nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Sake. Wavulana mia mbili, asubuhi, mchana na jioni. Babu yake alitoka Kasongo, huko Maniema, na biashara ya mchele. Yeye, anasema, hakurithi biashara, alirithi mchele tu.

"Mkuu wa shule alikuwa Mkatoliki, walimu Wakatoliki, hata paka wa stoo alikuwa Mkatoliki," anasimulia. "Mimi peke yangu nilikuwa nafunga Ramadhani huku nawapikia. Chumvi nilikuwa naionja kwa pua."

Kwa ajili ya uwazi, mwandishi wa simulizi hii anatamka rasmi kwamba naye alikula mikononi mwa mama huyu kwa miaka mitatu. Ukisikia mtu anasema chakula cha bweni kilikuwa kibaya, msadiki. Bugali uliweza kuzuia mlango usifungwe na upepo. Mchuzi ulikuwa mwepesi kiasi kwamba kuna waliojitazama humo wakachana nywele. Sambaza wa Jumapili, wale samaki wadogo wa ziwani, waligawiwa kwa kuhesabiwa, na aliyepewa mkubwa alimwonyesha jirani kabla ya kumla, ili amuumize vizuri.

Lakini kulikuwa na moshi. Ulipenya chini ya mlango wa bweni kukiwa bado na baridi ile ya mlimani, na ukiwa chini ya blanketi ulijua kwamba kuna mtu mzima ameamka kwa ajili yako. Kulikuwa na vijiko mia mbili vikigonga meza pale Mama Alima alipotoka jikoni na mwiko mrefu kuliko mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alijifanya amekasirika. Alituita nzige. Leo hii mwandishi angetoa godoro lake kwa sahani moja ya mchuzi ule, na angejitazama humo kwa furaha.

Kisha ikaja ile Januari ambayo kila mtu wa Goma anaijua. Milio ya risasi ilisogea tangu alfajiri. Wazazi wengine walifika mbio, wengine hawakufika, na wavulana wakaondoka kwa makundi, kila kundi na upande wake. Kabla ya kengele ya chakula cha mchana bweni lilikuwa tupu. Madarasa yalifunguliwa baadaye. Bweni halijafunguliwa hadi leo.

"Maharagwe yalikuwa motoni," Mama Alima anasema. "Yalikuwa bado. Nikawaambia, ngojeni kidogo, mukule ndipo muende. Lakini nani anangoja maharagwe siku kama ile? Walienda na njaa. Wote."

Anakoroga sufuria ambayo haihitaji kukorogwa.

"Mpishi analala kwa sababu anajua nani amekula. Mimi sikujua tena."

Sasa anauza chakula Birere, benchi moja na sufuria mbili, karibu na mpaka wa Rwanda. Wateja wake ni madereva wa pikipiki na wanawake wanaovuka na bidhaa. Siku njema hubaki na faranga elfu kumi, siku mbaya hubaki na chakula. Sehemu ya zile elfu kumi huenda kwenye mega za intaneti, jambo ambalo majirani wanaliona kama ugonjwa.

Ugonjwa huo aliuleta Aziza. Shangazi yake alikuwa akimsimamisha kila kijana njiani na kumuuliza kama amewaona wavulana wake. Aziza akamwambia hao wavulana hawako njiani, wako ndani ya simu, awafuate huko.

Hivyo akaanza, kama wanavyoanza wote, kwa aibu. Video ya kwanza ilionyesha kidole gumba, dakika nne, kikieleza namna ya kuloweka maharagwe. Ya pili ilikuwa imelala ubavu. Ya tatu iliingiliwa na kelele za mashine ya kusaga ya jirani, muzee Célestin, na Mama Alima akageuka kugombana naye moja kwa moja hewani. Hiyo ndiyo iliyotazamwa kuliko zote, na muzee Célestin sasa huvaa shati jipya kila Jumamosi.

Ya nne ndiyo iliyompa jina. Aliahidi kuwafundisha watu wasiojua kupika kabisa.

"Ni rahisi," alisema. "Chukua gunia moja la maharagwe. Mafuta ya mawese, bidoni moja ya lita ishirini. Vitunguu, mpaka uchoke."

Mwanamke mmoja aliandika kutoka Nairobi: "Mama, sisi tuko wawili tu, mimi na mume wangu."

Mama Alima akajibu: "Basi alikeni watu."

Amejaribu kupika kidogo, anasema, mkono unakataa. Chumvi ya watu wanne haijui. Ndiyo maana kila video inapokwisha watu wa mtaa mzima huja na sahani.

Na chini ya video ile ya gunia, mtu akaandika: "Mama Alima, bado unapika maharagwe na mawe yake?"

Aziza alidhani ni tusi, akataka kulifuta. Shangazi yake alimshika mkono.

"Usifute! Huyo ni Yusufu, wa meza ya mlangoni! Yuko hai!"

Baada ya Yusufu matusi yakamiminika. Mmoja wa Kampala alisema tumbo lake lilikuwa limepona, amemwona Mama Alima likaanza upya. Mmoja wa Bujumbura aliuliza kama ule bugali wa siku ya mwisho umeshalainika. Huyu alimleta yule, yule akasema amesikia habari za wengine wawili. Kila mmoja alijibiwa kwa swali moja tu: "Umekula leo?"

Ikafika mahali akabaki mmoja ambaye hakuna aliyemsikia. Kakule Josias, wa Butembo, mpole, mwenye sauti ya chini. Chakula kikiisha alikuwa akibaki nyuma ili akwangue ukoko wa sufuria, na Mama Alima akijifanya hamwoni.

Basi kila video ikawa na mwisho uleule. Mama Alima huinama karibu na kopo na kusema, "Josias, mutoto wangu, ukoko wako uko hapa." Kisha hubaki anaitazama simu kana kwamba itamjibu papo hapo, na Aziza hana moyo wa kuizima.

Wiki iliyopita jibu likaja: "Mama, ni mimi Josias. Niko Beni, niko salama, nakula vizuri. Usiwe na wasiwasi tena."

Alipiga vigelegele hadi muzee Célestin akazima mashine. Mtaa ulikula mara mbili siku hiyo. Na ndiyo sababu ya mkutano wa leo: Mama Alima anarekodi video ya mwisho. Atawashukuru watu, atafunga chaneli, atamrudishia Aziza simu yake.

"Nilikuwa namtafuta, nimempata," anasema. "Sasa nipumzike. Macho yananiuma."

Mwandishi, aliyeketi kwenye kiti cha plastiki na uso wa mtu wa mazishini, anashauri kwa unyenyekevu kwamba labda asifunge.

"Nisifunge juu ya nini?"

"Watu wanakupenda, Mama. Yule wa Nairobi atapika nini?"

"Atapika mchele. Mchele hauna maneno mengi."

Aziza ana wazo. "Shangazi, tumwandikie Josias aseme neno moja, nilisome kwenye video."

Anaichomoa simu kwenye kopo, anaandika. Anatuma. Mfuko wa suruali ya mwandishi unalia, ti-ling.

"Simu ya kazi," mwandishi anaeleza.

Aziza anamtazama. Anatuma herufi moja. Ti-ling.

"Ni mke wangu," mwandishi anasema.

"Wewe Barthélemy," Mama Alima anasema polepole, "una miaka kumi na saba. Mke gani?"

Mara ya tatu Aziza haitazami hata simu yake anapobonyeza. Anautazama mfuko wangu.

Ti-ling.

"Toa," Mama Alima anasema.

Nikatoa. Hapa mwandishi hana tena pa kujificha, kwa hiyo nasema mimi. Mimi ndiye Josias wa Beni. Nilifungua akaunti kwa jina lake nikiwa nimelala kitandani, na ilinichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu. Bweni zima linajua mizaha yangu. Huu haukuwa mzaha. Nilishindwa kumtazama Mama Alima akiingojea simu kila Jumamosi. Nikataka apate jibu, basi, apumzike.

Na nilitaka kuliona jina lile limeandikwa mahali. Tulikaa meza moja. Asubuhi ile alishika barabara ya Sake, godoro kichwani, nikampigia kelele kwamba amekuwa konokono. Alicheka bila kugeuka. Baada ya hapo sijui kitu.

Hayo yote niliyasema palepale, nikiwa nimesimama. Nilitegemea mwiko. Mama Alima aliuweka chini.

"Kwa hiyo hajaandika."

"Hapana, Mama."

"Yuko Beni?"

"Sijui, Mama."

Akakaa juu ya bidoni, akaangalia moto. Muzee Célestin, aliyekuwa ameegemea uzio ndani ya shati lake jipya, aliondoka taratibu bila kuaga.

"Ungenifanya nifunge mlango," alisema mwishowe, "na mutoto bado yuko nje."

Nikauokota mwiko, nikaupangusa bila mzaha wowote. Wanaonijua wataelewa hilo ni jambo la kihistoria.

Kisha akainuka, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akanishika bega na kunisimamisha mbele ya kopo. Kilemba chake kilikuwa kimelegea, hakukirekebisha.

"Aziza, rudisha simu, washa. Leo si ya mwisho. Nitapika kila Jumamosi, hata kama mega zitapanda." Akanigeukia. "Sema jina lako. Sema ulichofanya. Kisha umwite, lakini kwa sauti."

Alama nyekundu ikawaka. Nilikuwa nimejiandalia sentensi nzuri, zote zikanikimbia.

"Naitwa Barthélemy," nilisema. "Josias, yule wa Beni nilikuwa mimi. Nisamehe. Andika wewe mwenyewe. Hata mstari mmoja."

Mama Alima akanisogeza kwa kiwiko, akainama karibu na simu.

"Huyu nimemkamata," alisema. "Bado wewe."